Nakshi za Mlango wa Unguja Juu ya Boga: Shajara ya Mradi

28 Septemba: Nia, na boga la kwanza

Katika mtaa ninaoishi hapa Columbus, jimbo la Ohio, watu huanza kupanga maboga kwenye baraza za nyumba zao kabla Oktoba haijaingia. Desturi ya kuyachonga ililetwa Marekani na wahamiaji kutoka Ayalandi, ambao kwao walikuwa wakichonga tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo, na huku wakalikuta boga, ambalo ni kubwa zaidi na ni laini zaidi kuchimbwa. Kila mwaka nimeweka boga zima lisiloguswa. Mwaka huu nimekusudia kulichonga, lakini si kwa sura ya macho na meno iliyozoeleka katika Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba ambapo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Nimelelewa Mji Mkongwe wa Unguja katika nyumba ya mafundi wa milango, na ninataka kujua kama ua la yungiyungi lililozungushiwa mnyororo, lile linalochongwa kwenye fremu na vizingiti vya milango yetu, linaweza kukaa juu ya ganda la boga na kuonekana vizuri usiku taa ikiwashwa ndani.

Nitaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake kwa dola, ili atakayependa kuifuata kazi hii aanzie pale nilipofikia mimi. Boga la kwanza nimelinunua dukani kwa dola 6. Lina uzito wa kilo 5 hivi, na nimelichukua kwa ajili ya kujifunzia tu.

29 Septemba: Kisu cha jikoni hakifai

Nimelifungua boga kwa kukata kifuniko kuzunguka kikonyo, nikatoa mbegu na nyuzi kwa kijiko, kisha nikachora ua kwa kalamu ya wino na kuanza kulifuatisha kwa kisu kidogo cha jikoni. Ganda la boga ni gumu na linateleza, na nyama iliyo chini yake ni laini na imejaa maji, kwa hiyo kisu hukataa kuingia mpaka mkono uongeze nguvu, na kinapoingia huzama ghafla kupita pale kilipokusudiwa. Petali tatu kati ya sita zimeharibika kwa namna hiyo moja.

Jioni nimenunua seti ya patasi ndogo za kuchongea linoleamu, yaani bapa laini la kuchapia picha, zenye ncha za umbo la V na la U, kwa dola 16. Tofauti imeonekana papo hapo, kwa sababu ncha ya V hulipasua ganda kwa kusukumwa kidogo tu na huacha mfereji wenye kingo safi. Hata hivyo, mtu aliyezoea mbao anapaswa kujihadhari na jambo moja. Mbao ina nyuzi, na fundi huzisoma kabla ya kuweka patasi ili ajue upande utakaokubali na upande utakaochanika. Nyama ya boga haina nyuzi zilizolala upande mmoja za kumwongoza mtu, patasi huenda upande wowote bila kukataa, na wepesi huo ndio unaomfanya mtu apitilize mwisho wa mstari wake. Nimejifunza kukata kwanza mwisho wa mstari, kwa kusimamisha ncha ya kisu hapo, ndipo niisukume patasi kuuelekea mkato huo. Ikifika hapo, inasimama.

4 Oktoba: Boga la kwanza limeoza

Limedumu siku 5. Kifuniko kimenywea kikatumbukia ndani, ukungu mweusi umetanda kwenye ukuta wa ndani, na nakshi yenyewe imejikunja kingo zake kama karatasi iliyolowa ikakauka. Nimelikagua kwa makini kabla ya kulitupa, na nimeona makosa manne, yote yakiwa yangu.

Kosa la kwanza ni kukata kifuniko kwa kisu kilichosimama wima. Boga linapokauka hupungua, na kifuniko chenye kingo za wima hakina cha kukizuia kisitumbukie. Mwenye kukata juu ainamishe kisu kuelekea katikati, ili kifuniko kiwe kipana juu na chembamba chini kama kizibo. Mimi boga lijalo nitalikata chini, kwenye kitako, na kuacha kikonyo mahali pake, kwa kuwa sehemu ya juu iliyo nzima hulifanya boga lishike umbo lake. La pili ni mshumaa. Niliuwasha usiku mbili tu, lakini joto lake limeipika nyama iliyo juu yake ikawa laini, na uozo umeanzia hapo hapo. La tatu ni nyuzi nilizoziacha ndani nikidhani hazina madhara. La nne ni kuliweka boga barazani upande unaopigwa na jua mchana kutwa, wakati hali ya hewa bado ilikuwa ya nyuzi 26 na 27 za Selsiasi.

5 Oktoba: Kuchagua boga la kuchongwa

Leo nimekwenda shambani, kwa sababu dukani mtu huchukua kilicholetwa, na shambani huchagua. Nimenunua maboga mawili kwa dola 14 kila moja, yote ya aina ya Howden, iliyopata jina lake kwa John Howden, mkulima wa Massachusetts aliyeizalisha. Ni aina yenye kikonyo kinene na ganda la rangi ya chungwa iliyokoza, na inalimwa hasa kwa ajili ya kuchongwa. Kwa kupika haifai sana. Mtu aliyezoea boga letu la kupikwa kwa nazi ataona nyama ya hili ni ya maji na nyuzinyuzi.

Nilichotazama ni haya. Kikonyo kiwe kigumu na bado na ukijani. Kitako kisibonyee kikikandamizwa kwa kidole gumba. Ganda lisiwe na mchubuko, kwa kuwa mchubuko mdogo wa leo ni shimo la wiki ijayo. Zaidi ya hayo, kwa kazi ya nakshi, mifereji inayoshuka kutoka kwenye kikonyo iwe ya kina kifupi, angalau upande mmoja, kwa sababu mstari wa nakshi unaovuka mfereji wa kina kirefu huonekana umevunjika hata kama umechorwa sawasawa. Niliyageuza maboga mengi kabla ya kupata mawili yenye uso mpana uliotulia. Kubwa lina mzingo wa sentimita 94 na uzito wa kilo 9.

Moja, ambalo ni boga langu la pili, nitalichonga sasa. La tatu nimeliweka zima kwenye chumba cha gari, penye ubaridi, juu ya boksi la karatasi ngumu ili lisigusane na saruji. Boga ambalo halijakatwa hukaa wiki nyingi bila kuharibika, na saa yake ya kuoza huanza kuhesabu pale kisu kinapoingia.

6 Oktoba: Bikari inadanganya juu ya mviringo

Nimetumia jioni nzima kwa kazi niliyodhani ni ya nusu saa. Nilianza kwa kuchora nakshi kwenye karatasi na kuibandika bogani, lakini karatasi bapa haikubali kulala juu ya kitu cha mviringo, na kila upande ilijikunja, nayo mistari ikajikunja pamoja nayo. Kuipasua kingo zake kwa mikato kama ya mshoni kumesaidia kwa pindo la nje, lakini ua la katikati lilihitaji usahihi zaidi. Nikaamua kulichora moja kwa moja juu ya ganda kwa bikari.

Kila aliyewahi kuchora ua la petali sita anajua kanuni yake. Bikari hufunguliwa kwa nusu kipenyo cha duara, duara huchorwa, kisha bikari ile ile bila kubadilishwa hutembezwa juu ya mzingo, na baada ya hatua sita hurudi pale pale ilipoanzia. Nilifungua sentimita 6, nikachora duara, nikaanza kutembea, na hatua ya sita ikapita alama ya mwanzo kwa takriban milimita 8. Nilirudia mara tatu, nikidhani mkono umetetemeka au sindano imehama, na kila mara ikapita kwa kiasi hicho hicho.

Sababu yake iko katika umbo la boga. Kwenye karatasi, kutoka katikati hadi kwenye mzingo ni sentimita 6 kamili za uwanja bapa. Juu ya boga, sindano imesimama kileleni na kalamu iko chini kidogo kwenye mteremko, kwa hiyo zile sentimita 6 zinashuka kwa mshazari, na duara linalochorwa lina nusu kipenyo pungufu ya bikari. Kwa boga hili nimekokotoa kuwa ni kama milimita 59. Hatua zangu zilikuwa za milimita 60 juu ya duara linalodai 59, na ziada hiyo ndogo ikijirudia mara sita juu ya mzingo huonekana wazi.

Tiba niliyoipata haihitaji hesabu. Chora duara, kisha zungushia ukanda mwembamba wa karatasi juu ya mstari wake, ukate pale unapokutana, ukunje nusu, halafu kila nusu uikunje sehemu tatu. Ukiurudisha ukanda juu ya boga, mikunjo inakupa alama sita zilizo sawa. Tao za petali bado huchorwa kwa bikari ya sentimita 6, nazo hupita katikati ya ua vizuri, lakini ncha zake hupishana na alama za mzingoni kwa milimita moja na kitu. Kosa hilo patasi hulimeza.

Wino wa kawaida hufutika kwa jasho la mkono. Penseli ya nta, ile inayoandika juu ya kioo, imekaa vizuri na hufutika kwa kitambaa kikavu kazi ikiisha.

8 Oktoba: Nakshi nzuri mchana, giza usiku

Boga la pili nimelifungua kwa chini, nikalisafisha, nikakwangua ndani mpaka pasibaki uzi hata mmoja, na nikalichonga kama ambavyo mlango huchongwa. Kwenye mlango, fundi huchimba uwanja unaolizunguka ua, ua lenyewe likabaki juu likiwa limeinuka, na jua la pembeni linapopiga hutia kivuli kwenye mashimo na kulifanya ua lionekane linatoka nje ya ubao. Saa sita za kazi kwa siku mbili zimenipa ua la petali sita lililozungukwa na mnyororo wa pete 18, na mchana wa leo nililitazama kwa furaha kubwa.

Usiku nikaweka taa ndani. Uwanja niliouchimba umewaka kwa rangi ya dhahabu, na ua, ambalo ndilo nililokuwa nataka lionekane, limekuwa doa jeusi katikati ya mwanga. Petali hazitambulikani, na pete za mnyororo zimekuwa vipande vya giza vilivyopangwa mstari. Mtu aliyesimama barabarani asingejua kwamba hapo pana ua.

Nimekaa mbele yake muda mrefu. Kosa hili lilikuwa kubwa kuliko yale manne ya kwanza, kwa sababu lilitoka katika yale niliyoyajua vizuri na kuyaamini.

9 Oktoba: Simu kwa ami

Asubuhi saa 2, kwao Unguja ikiwa saa 9 alasiri, nimempigia ami yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Nilimtumia picha mbili kwanza, ya mchana na ya usiku.

“Shikamoo ami.”

“Marahaba mwanangu. Nimeziona picha zako. Ile ya mchana kazi nzuri, mkono haujakusahau. Ile ya usiku umejichongea mwenyewe.”

Nilimweleza nilivyofanya, na alinisikiliza mpaka mwisho. “Mlango jua lake liko nje,” akasema. “Unapochimba ndipo unapotia kivuli. Hilo boga lako jua lake umelitia ndani, kwa hiyo unapochimba ndipo unapotia nuru. Basi chimba ua, uache uwanja.”

Ni maneno machache na yameipindua kazi yote. Aliongeza kwamba nisichimbe petali yote kwa kina kimoja, kwa sababu hata juu ya mbao ua bapa halina uhai, na kwamba nipate kwanza kujua kila kina kinatoa nuru kiasi gani kabla sijagusa boga la mwisho. Tulitofautiana mawazo katika jambo moja tu. Yeye huanza na pindo ndipo aingie katikati, na kwa mlango ni sahihi. Kwa boga nimeona kwamba mkono unaochonga katikati huegemea pindo, na pindo lililokwisha kuchimbwa halihimili uzito wa kiganja. Nitaanza katikati na kutoka nje.

12 Oktoba: Ngazi ya unene, na uharibifu wa kindi

Alfajiri ya leo kindi wamelipata boga la pili barazani. Wametafuna kuanzia kingo za nakshi, pale ambapo ganda limekwisha kuondolewa, na asubuhi nusu ya mnyororo ilikuwa imeliwa. Upande wa nyuma ulibaki mzima, nami nimeutumia kwa jaribio lililonipa faida kuliko lolote jingine katika mradi huu.

Nilikata kipande cha ukuta chenye unene wa milimita 24, nikakichonga ngazi kutoka upande wa ganda, ngazi ya kwanza ikibakiza milimita 20, ya pili 16, ya tatu 12, ya nne 8 na ya mwisho 4. Kisha nikazima taa za chumba na kuweka taa ya boga nyuma yake. Kwa milimita 20 mwanga ni hafifu sana, kama kaa lililofunikwa na jivu. Kwa 16 rangi ni nyekundu iliyofifia. Kwa 12 ni rangi ya chungwa iliyokolea, ambayo ndiyo nzuri kupita zote machoni pangu. Kwa 8 ni ya dhahabu, na kwa 4 ni njano kali inayokaribia weupe, lakini kipande chenyewe kinalegea na kupinda baada ya saa chache. Kwa hiyo nimejiwekea kanuni: mashina ya petali yabaki na milimita 12, ncha zake 8, na pasiwepo mahali popote panapopungua hapo.

Jaribio hili limenionyesha pia kwamba taa niliyokuwa nayo, yenye mwanga mweupe wa kibuluu, huiua rangi ya boga na kuifanya ifanane na maziwa yaliyochacha. Nimenunua taa nyingine ya LED yenye mwanga wa manjano kwa dola 11, na betri zake kwa dola 5. Taa ya aina hii haina joto la kuipika nyama.

Kuhusu kindi, nimechanganya pilipili kali ya unga na mafuta mazito ya mgando, yale ya kupakaa mwilini, na kuyapaka kwenye mabaki ya boga niliyoyaacha barazani makusudi. Walikuja, wakanusa, mmoja akaonja, na hawakurudi. Kopo la mafuta ni dola 3, na pilipili nilikuwa nayo jikoni. Mchanganyiko huo upakwe kwa glavu, na mikono isiguse macho.

18 Oktoba: Circleville

Nimekwenda Circleville, mji ulio kusini ya Columbus kwa mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, ambako maonyesho ya maboga yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1903. Niliyaona maboga makubwa ya mashindano, yenye uzito unaozidi kilo 500, yakiwa yamelala bapa kwa uzito wao wenyewe, na nikajiridhisha kwamba ukubwa haumfai mtu wa nakshi. Zaidi ya hilo sikuwa na la kujifunza huko kwa ajili ya kazi hii, ingawa siku yenyewe ilikuwa nzuri.

25 Oktoba: Kuandaa boga la tatu

Nimelitoa boga la tatu katika chumba cha gari likiwa gumu kama siku nilipolinunua. Limefunguliwa kwa chini, limesafishwa, na limekwanguliwa. Kukwangua ndiko kulikochukua muda, kwa sababu ukuta ulikuwa na unene wa milimita 38 na nilitaka 24 nyuma ya nakshi. Nimetumia kifaa cha wafinyanzi chenye kitanzi cha waya, nilichonunua kwa dola 5, na kwa saa mbili kimefanya kazi ambayo kijiko kisingeifanya kwa siku nzima.

Kupima unene bila kutoboa ilikuwa shida iliyonisumbua tangu mwanzo. Nimechukua sindano ndefu ya kushonea magunia, nikaisukuma kutoka ndani kwenda nje mahali ambapo nakshi ingepita kwa vyovyote, na nikasoma urefu wa sehemu iliyoingia kabla ncha haijagusa ganda. Matundu yake ni madogo na yamemezwa na mistari ya nakshi. Kwa kuchonga nimezungushia utepe wa rangi kwenye sindano nyingine, alama moja kwenye milimita 12 na nyingine kwenye milimita 16, ili niitumie kama kipimo cha kina kutoka nje.

Mwisho nimeosha ndani kwa maji yenye klorini, ile ya kung'arishia nguo, kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja ya maji, nikaliacha likauke kwa saa moja. Klorini imegharimu dola 4. Nilikuwa nimesoma pia kuhusu kupaka ndimu ili nyama isibadilike rangi, lakini klorini na asidi vikikutana hutoa gesi yenye sumu, kwa hiyo nimechagua kimoja na ndimu nikaiacha.

26 na 27 Oktoba: Kuchonga

Saa 9 za kazi kwa siku mbili. Nimeanza na kitovu cha ua, nikaenda petali moja moja. Utaratibu uliokubali ni kukata kwanza mpaka wa petali kwa kisu chembamba kilichosimama wima, kwa kina cha ganda tu, ndipo ncha ya U iondoe ganda ndani ya mpaka huo na nyama ifuate kwa tabaka nyembamba, nikipima kwa sindano kila baada ya tabaka mbili. Mteremko kutoka kwenye shina hadi kwenye ncha ya petali ndio unaolipa ua uhai usiku, kwa sababu mwanga hupanda kutoka chungwa hadi dhahabu bila kukatika.

Petali ya tano nimeitoboa. Nilikuwa nimeacha kupima kwa sababu nne za kwanza zilikwenda vizuri, na patasi ikatokea ndani na kuacha tundu la milimita 6. Mwanga uliotoka hapo ulikuwa kama taa ya gari. Nimekata kipande cha nyama kutoka kwenye kile kifuniko cha kitako, nikakichonga kiwe kipana upande wa ndani na chembamba nje, nikakisukuma kutoka ndani na kukishikilia kwa vijiti viwili vya kuchokolea meno vilivyopita mshazari. Usiku kiraka kinaonekana kwa mtu anayejua pa kutazama.

Mnyororo nimeupunguza kutoka pete 18 hadi 12, na pete zimekuwa nene zaidi. Fundi wa mlango hupenda pete nyingi nyembamba, na juu ya mbao ngumu za mbambakofi au msaji zinavumilia, lakini juu ya boga kiunzi cha ganda kinachobaki kati ya pete mbili kikipungua milimita 7 hukauka na kujikunja usiku mmoja. Wengi kwetu huueleza mnyororo huu kuwa ni ulinzi wa nyumba, kwa hiyo sikutaka kuuacha ukatike mahali popote, na ndiyo maana nimeuzungusha kamili hata pale ambapo mfereji wa boga umeufanya uyumbe kidogo.

Kila nilipopumzika nimelifunika boga kwa karatasi ya nailoni ya jikoni, ili nyama iliyo wazi isikauke. Majimaji ya boga hukausha na kukaza ngozi ya vidole, na glavu za jikoni zimenisaidia. Kazi ilipoisha nimepaka mafuta ya mgando juu ya sehemu zote zilizochimbwa, na mchanganyiko wenye pilipili nikaupaka kwenye kingo za nje za mnyororo.

31 Oktoba: Barazani

Limewashwa saa 12 jioni, upande wa baraza usiopigwa na jua. Kutoka barabarani, umbali wa mita 15 hivi, petali sita zinahesabika na mnyororo unaonekana ni mnyororo. Watoto wa mtaa waliokuja kuomba peremende wengi wao walisimama kulitazama, na msichana mmoja aliuliza kama ni jua au ni ua. Nimempigia ami kwa video kukiwa kumekwisha kuingia alfajiri kwake. Alilitazama kimya, akaniambia nisogeze simu kwenye petali ya tano, akakiona kiraka, akasema, “Hapo uliharakisha.” Kisha akaomba nimtumie picha aiweke karakana.

6 Novemba: Mwisho wa boga

Limedumu siku 10 tangu lilipomalizwa kuchongwa. Kindi hawakuligusa. Uharibifu umeletwa na baridi ya usiku wa tarehe 4, iliposhuka chini ya sifuri. Maji yaliyo ndani ya nyama yaliganda, na jua lilipotoka boga lililegea lote kwa pamoja. Kama ningeliingiza ndani usiku huo, nadhani ningepata siku mbili au tatu zaidi.

Gharama yote, ukijumlisha maboga matatu, ni dola 78. Mwenye kuanza na boga moja na taa iliyo sahihi atatumia dola 58 ikiwa atalinunua shambani, na patasi na kitanzi vitabaki kwa kazi nyingine. Muda wa boga la mwisho ni saa 14: kuchora saa 3, kuandaa ndani saa 2, na kuchonga saa 9.

Mbegu za maboga mawili ya mwisho zilikaangwa kwa chumvi. Boga lenyewe nimelipeleka kwenye shimo la mboji baada ya kulipangusa mafuta. Ule ukanda wa karatasi uliokunjwa sehemu sita nimeuhifadhi kwenye bahasha pamoja na sindano yenye utepe, na juu ya bahasha nimeandika: mzingo wa boga sentimita 94, bikari milimita 60, hatua milimita 59.